Mtaa Usiozaa kwa Mujibu wa Takwimu

(Hotuba ya Mkurugenzi Mkuu wa Idara ya Ubora wa Takwimu za Kaya, aliyoitoa katika ukumbi wa mtaa siku ya kutangaza matokeo ya utafiti uliokuwa uamue kama mtaa ujengewe wodi ya wazazi au usijengewe.)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa sababu ya majukumu mazito hakuweza kufika na amenikaimisha mimi. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kikao, ambaye naye amepata udhuru na amenikaimisha mimi. Mheshimiwa Naibu Mwenyekiti, ambaye simu yake haipatikani. Waheshimiwa wakuu wa idara, vitengo, vijitengo na kamati ndogo za vijitengo, ambao viti vyao mnaviona hapa meza kuu, kila kimoja na chupa yake ya maji. Viongozi wetu wa dini zote zilizosajiliwa na zile ambazo faili zao bado ziko mezani kwangu. Wazee wetu, mama zetu, vijana, na nyie watoto mnaochungulia dirishani, teremkeni hapo. Mama mkwe wangu mpendwa, shikamoo Mama, nakuona hapo safu ya mbele, na pembeni yako shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ambaye naona, eh, afya imemkubali. Mabibi na mabwana mliohudhuria kwa mwili, mliohudhuria kwa barua, na mliohudhuria kwa kukadiriwa: itifaki imezingatiwa, na pale ilipobaki na pengo, imejazwa. (Makofi. Sauti ya mama mkwe: "Afya gani, mkwe wangu? Huyu ana mimba ya miezi tisa!" Kicheko.)

Asante Mama. Taarifa hiyo nimeipokea, na itafanyiwa kazi katika awamu inayofuata.

Ndugu wananchi, nimesimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa, na wanaonifahamu watawaambia kwamba kwa unyenyekevu sina mpinzani katika idara zote. Niliingia ofisi hii nikakuta takwimu zimelala kitandani hoi, hazijijui hazijitambui. Leo takwimu zinatembea, zinakimbia, na wakati mwingine zinatukimbia sisi wenyewe. (Makofi ya heshima.) Mnakumbuka kwamba mliahidiwa wodi ya wazazi hapa hapa mtaani, ili mama akishikwa na uchungu asilazimike kuuvuka mji mzima akiwa amening'inia kwenye pikipiki, mume nyuma amebeba beseni. Ni ahadi nzuri. Mimi mwenyewe nilipoisoma nilitokwa na machozi, nikaomba maji. Lakini Serikali yenu sikivu haijengi kwa kusikia. Inajenga kwa data, tena data safi, iliyochekechwa, ikachambuliwa, ikapitishwa kwenye fremuweki ya kimkakati yenye mwelekeo wa kimatokeo. (Sauti kutoka nyuma: "Wodi ipo au haipo?") Tunakwenda huko, ndugu yangu. Mwenda pole hajikwai.

Tuanze na ugonjwa, kabla ya dawa. Utafiti wa kaya unaharibiwa na nini? Unaharibiwa na nyinyi. (Minong'ono.) Msinune, nasema kwa upendo. Mdadisi anafika kwako na dodoso lake, anakuuliza umri, unamwambia "andika arobaini tu." Mwingine anasema hamsini. Mwingine thelathini na tano. Ukichora kwenye grafu unakuta taifa zima limezaliwa kwenye miaka inayoishia na sifuri au tano, na katikati hapo ni jangwa, hakuna aliyezaliwa, labda wakunga walikuwa likizo. Na wapo akina dada ninaowajua ambao wana miaka ishirini na tisa tangu mimi nasoma chekechea. (Kicheko kirefu. Mwanamke mmoja: "Mtaje!") Sitaji mtu, taarifa za watu ni siri. Halafu mdadisi anagonga mlango, anatoka mtoto anasema, "Mama amesema hayupo." Halafu kuna yule bwana mwenye nyumba mbili, ambaye huku ameandikwa mkuu wa kaya na kule ameandikwa mkuu wa kaya, na wake zake wote wawili wanalalamika kwamba hawamwoni, kwa hiyo kitakwimu mtu huyu yupo mara mbili na wakati huo huo hayupo kabisa. Mtu kama huyo unamweka safu gani? Mimi nilikosa usingizi kwa ajili yake. (Kicheko. Wanaume kadhaa wanatazama chini.)

Sasa dawa. Idara yangu, chini ya uongozi wangu, kwa ubunifu wangu, na kwa kutumia kalamu yangu, imebuni Mfumo Jumuishi wa Kujaza Mapengo. Nitaueleza kwa lugha nyepesi ili hata mimi nielewe. Kaya isipojibu swali, huitafuti tena kwa kelele. Unatafuta jirani anayefanana nayo, aliyejibu, unaazima jibu lake, unalipachika pale palipo tupu. Huyo jirani tunamwita kaya mfadhili. Si wizi hata kidogo. Ni sayansi, na wataalamu wa dunia nzima wanafanya hivyo, kwa kiasi. Sisi tulichofanya ni kuondoa hicho kiasi. (Makofi ya watu wawili watatu.)

Dawa ya pili inaitwa uzito wa sampuli. Huwezi kugonga kila mlango, miguu itaisha. Kwa hiyo kaya chache zinachaguliwa, na kila moja inasimama badala ya nyingine nyingi ambazo hazikufikiwa. Kwingineko kaya moja inabebeshwa mzigo wa kaya hamsini, mia moja, wanahema, wanalalamika, wanaandika makala. Hapa kwetu kaya moja imebeba kaya elfu nane mia nne na kumi na mbili, na haijalalamika. (Sauti ya mwanamume mwenye ndevu, pembeni ya shemeji: "Samahani. Kaya ngapi zimehojiwa?") Moja. ("Moja?") Moja, ndugu yangu, lakini madhubuti.

Na matunda yake mtayaona sasa hivi. Katika tafiti za wenzetu, huyu anasema hivi, yule anasema vile, wanabaki kuhangaika na kiwango cha makosa, jumlisha hiki toa kile, kama watu wasio na msimamo. Sisi majibu ya kaya zote elfu nane mia nne na kumi na mbili yamelingana hadi nukta. Hakuna ubishi. Kiwango cha makosa ni sifuri! (Makofi.) Tulipowaonyesha wataalamu washauri dashibodi yetu ya kidijitali, walisimama wote. Mmoja alitoka nje ameshika kichwa kwa mikono miwili, akaegemea ukuta, akabaki pale. Tunaamini ilikuwa furaha.

Matokeo, basi. Naomba utulivu, na shemeji, naona unajipepea kwa ratiba yangu, ni sawa, ipo nyingine. Mkazi wa mtaa huu ni mwanamke. Anaishi peke yake. Ana umri wa miaka sitini na saba, na safari hii umri haukuishia na sifuri wala tano, jambo ambalo ni ushindi wa kihistoria kwa ubora wa data. Goti lake la kushoto linamsumbua, hasa akipanda ngazi. Anafuga jogoo mmoja mwenye kelele. Anasikiliza redio kwa sauti ya juu. Ana mkwe mmoja, ambaye kwa mujibu wa utafiti ni mtu muungwana, mchapakazi, mwenye sura ya kupendeza, asiyethaminiwa vya kutosha. (Sauti ya mama mkwe: "Hilo la mwisho kasema nani?") Data, Mama. Data haina baba wala mama.

(Kelele. Yule mwenye ndevu amesimama: "Sasa mimi je? Mimi ni fundi seremala, nina miaka thelathini na tatu, nina ndevu, na hili goti langu halina tatizo lolote!")

Ndugu wananchi, kwa wasiomfahamu, huyo ni mwanyumba wangu, maana yeye amemwoa huyu mdogo na mimi nimemwoa mkubwa, kwa hiyo akinifokea msishangae, tunaheshimiana sana. Mwanyumba, kaa chini. Kwa lugha ya kitaalamu wewe ni data iliyopotoka. Usikasirike, si tusi, hata mvua ikizidi tunaiita hivyo. Upo, lakini huwakilishi. Na wanaume wote mliomo humu ndani, nawapenda, nawaheshimu, ila kitakwimu hampo, na ningeomba msiokuwepo msikae kwenye viti vya waliopo. (Kicheko kikubwa. Mzee mmoja anajipapasa mikono kuona kama yupo.)

Sasa lile mlilokuja kulisikia. Idadi ya wanawake waliojifungua mtaani hapa katika kipindi cha miaka mitano: sifuri. Idadi ya wajawazito: sifuri. Idadi ya wanaotarajia kutarajia: sifuri. (Mayowe. "Aa! Aa! Na hawa watoto dirishani?") Hao watoto ni wageni, wameletwa na hotuba. Nisikilizeni. Sehemu ya uzazi kwenye dodoso ilibaki tupu, kwa sababu za kimaadili ambazo siwezi kuzianika mbele ya hadhara, na sera ya idara yangu ni kwamba tupu ni sifuri. Ninajua wapo wasomi watakaosema kwamba "hatujui" na "hakuna" ni vitu viwili tofauti. Hiyo ni anasa ya watu wenye nafasi. Kwa hiyo, kwa kuzingatia ushahidi wa kisayansi, na kwa uchungu mkubwa, natangaza kwamba wodi ya wazazi haihitajiki hapa, na kwamba badala yake, shikeni viti vyenu, mtajengewa Kituo cha Kisasa cha Goti la Kushoto! (Kelele, miluzi, kicheko, kiti kinaanguka. Sauti: "Na la kulia?") Goti la kulia lisubiri utafiti wake. Haraka haraka haina baraka.

(Shemeji ameshika mkono wa kiti, macho yamemtoka. Mama mkwe anainuka.)

Mama, tafadhali, maswali mwishoni. ("Si swali, mkwe wangu! Mwenzio kashikwa na uchungu! Leta gari!") Uchungu? Uchungu wa nini? ("Wa goti!" anasema shemeji kwa meno yaliyofungwa. Ukumbi unalipuka kwa kicheko, naye mwenyewe anacheka, kisha anaacha ghafla.) Shemeji, nakuomba kwa heshima zote, jikaze kidogo tufike kwenye hitimisho, zimebaki kurasa kumi na nne tu na hii ya kwanza ndiyo nzuri. ("Mwambie mtoto!") Ndugu wananchi, tusitaharuki. Tukio linapojitokeza kinyume na data yote iliyopo, idara ina utaratibu wake: kwanza tunalihakiki, kisha tunalipunguza makali, na likikataa tunalifuta. ("Ukimfuta mwanangu, mwanyumba, na mimi nakufuta wewe!") Nimeelewa. Nimekuelewa vizuri sana, shusha hicho kiti.

Kuhusu gari, Mama, gari lile ni la idara, kwa shughuli za kiofisi pekee, na saa saba nina uzinduzi mwingine. ("Na juzi lilipompeleka mkeo saluni akakaa foleni mpaka jioni, ilikuwa ofisi gani?") Dereva! Dereva, washa gari! (Vigelegele. Fundi seremala na wanawake wanne wanamsindikiza shemeji nje. Karibu ukumbi mzima unawafuata.)

Basi tuendelee. Naona mmebaki watu tisa. Hakuna tatizo, kwa uzito wa sampuli nyinyi ni umati ambao haujapata kutokea. Nilikuwa nasema kuhusu paiplaini ya uchakataji... (Dereva anarudi mbio, amevua kofia. "Mheshimiwa, gari haliwaki. Halina mafuta.") Haiwezekani. Ripoti ya robo mwaka imeonyesha tanki limejaa, na niliisaini mimi mwenyewe. ("Ndiyo Mheshimiwa, uliniambia nijaze. Nikauliza nijaze nini, ukasema ripoti.") Si hapa, dereva. Si mbele ya watu. Tafuta pikipiki. ("Mama anasema hakuna muda tena, Mheshimiwa. Wamemlaza kiti cha nyuma.") Kiti cha nyuma cha gari langu? Kile cha ngozi? ("Mama anasema ukitaja ngozi tena atakuja mwenyewe.")

Jamani. Naomba mniruhusu ninywe maji. Naomba niazime na ya Naibu Mwenyekiti. (Anakunywa chupa mbili. Kutoka nje yanasikika maelekezo ya mama mkwe: "Sukuma! Pumua! Wewe fundi, acha kulia, shika mguu!") Ndugu zangu, hotuba hii niliiandika kwa wiki nzima, nikaisoma mbele ya kioo, na mke wangu alisema imetulia. Sasa hivi sioni hata mstari mmoja. Nimeogopa. Nasema wazi, yule namjua tangu akiwa binti wa shule, akinisaidia kumdanganya mama yake kwamba nimekuja kutengeneza redio, na yuko pale nje kwenye gari bovu, na hospitali iko mwisho wa mji. Kama mna dua, huu ndio wakati wake, na mimi mniweke humo humo. (Watu tisa wamesimama. Mkurugenzi ameegemea meza kuu, tai imemwendea begani.)

(Kilio cha mtoto mchanga. Kisha vigelegele vya mtaa mzima. Sauti ya mama mkwe dirishani: "Wa kike! Na mama yake mzima! Nani kasema hawazai hapa?")

(Makofi. Mkurugenzi anakaa kwenye kiti cha Mgeni Rasmi, anainuka tena, anafuta uso kwa ukurasa wa tisa. Watu wanarudi ndani kwa msongamano.)

Ahsante Mungu. Ahsante Mungu. Haya. Ninaruka hadi ukurasa wa mwisho, ambao ni wa shukrani, na nitausoma kama ulivyo kwa sababu sina nguvu ya kuupamba.

Kwa namna ya pekee nawashukuru wadadisi wetu mia nne, ambao hatukuwaajiri. Navishukuru vishikwambi vya kisasa walivyotumia, ambavyo bado havijaagizwa. Nawashukuru washiriki wa semina elekezi, na hasa mpishi, maana ndiye pekee aliyefika. Ninamshukuru kwa dhati mama mkwe wangu, kaya mfadhili, mhimili wa utafiti wote, ambaye siku tuliyokwenda kumhoji hatukumkuta. (Mama mkwe: "Nilikuwa kwa binti yangu, namkanda miguu!") Ndiyo Mama. Mlango ulikuwa umefungwa. Tulikaa kibarazani mimi na dereva, tukamsikia jogoo, na ili siku isipotee bure nikakujazia majibu mwenyewe kwa kadiri ninavyokufahamu. Na nilipofika kwenye maswali ya uzazi, jamani, mimi ni mkwe! Mkwe anawezaje kukaa kwenye baraza la mama mkwe wake akamwazia mambo hayo? Kalamu iligoma. Nikapaacha tupu, na tupu nikaiita sifuri, na hiyo sifuri ndiyo iliyowanyima wodi. Kwa maneno mengine, mabibi na mabwana, wapo wa kushukuriwa wengi, ila utafiti wenyewe haukuwahi kufanyika. (Kicheko kinaanzia safu ya nyuma na kuja mbele, mpaka mama mkwe anajifuta machozi kwa upindo wa khanga.)

Chekeni, nimestahili. Lakini msiondoke, maana mimi bado ni Mkurugenzi na kalamu ninayo. Tangu idara hii ianzishwe, leo kwa mara ya kwanza imepata taarifa moja ya kweli, iliyoshuhudiwa kwa masikio yangu, ikahakikiwa na mama mkwe. Mtoto mmoja, wa kike, amezaliwa katika mtaa huu asubuhi hii. Mfumo ni ule ule, siwezi kuubadilisha katikati ya hotuba. Moja, kwa uzito wa sampuli, ni watoto elfu nane mia nne na kumi na wawili, waliozaliwa ndani ya asubuhi moja, wote wa kike, wote kwenye kiti cha nyuma cha gari. Hivyo ndivyo nitakavyoandika, nitagonga muhuri, na jioni hii nitaifikisha mwenyewe kwa wakubwa. Na ninataka nimwone kiongozi atakayesoma hiyo namba, akanitazama machoni, akaniambia mtaa huu hauhitaji wodi! (Vigelegele, miluzi, viti vinapigwa. Fundi seremala anapanda jukwaani, anamkumbatia Mkurugenzi na kumwinua kutoka chini.)

Niteremshe, mwanyumba. Na ukikutana na hao wasomi, waambie waje wahesabu upya, mlango kwa mlango, na safari hii mwenye nyumba awepo, nami nitashika kalamu kama mdadisi wa kawaida, ila kwa mama mkwe aende mtu mwingine. Takwimu safi! (Umati: "Wodi kwanza!") Takwimu safi! ("Wodi kwanza!") Haya, wodi kwanza! ("Na goti la kulia!")

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Aliye na maji ya moto, tafadhali, ayapeleke garini.